Komatsu PC200-8: kijiko kimoja, namba za kila aina

Kwa mwenye haraka, anayengoja dalali ampigie: kijiko, yaani mtambo wa kuchimbia (ekskaveta), cha Komatsu PC200-8 kinafaa, kikodi. Kwa mifereji, misingi na kupakia tipa sijaona sababu ya kulipia mtambo mkubwa zaidi. Ila kabla hujatoa hela, soma namba zake pamoja na kanuni ya kipimo iliyoandikwa pembeni. Wakandarasi wadogo wanaumia sana hapo, na inaniuma kuona watu wanaoijua kazi wakizidiwa kwa tarakimu.

Nasimamia mitambo kwenye saiti za Morogoro, zaidi mifereji ya umwagiliaji na mitaro ya barabara. Hatuna kijiko chetu, tunakodi. Kazi ya karibuni ilikuwa Dakawa, kwenye mfinyanzi mweusi wa bonde la Wami, na nilipotafuta mtambo, yadi mbili zilinitumia matangazo kwa WhatsApp. Ya kwanza iliandika: nguvu 158, ndoo 0.8, nguvu ya kuchimba tani 15.2. Ya pili: nguvu 148, ndoo 0.7, nguvu ya kuchimba tani 13.5. Bei ya saa ya yadi ya kwanza ilikuwa juu, na kijana wao alinieleza kwa heshima zote: "Dada, chetu kina nguvu zaidi, angalia mwenyewe." Nikaomba picha ya kibati cha mtambo, kile kibao cha chuma chenye jina na namba zake, kutoka pande zote mbili. Vyote viwili ni PC200-8, injini ya aina moja, bumu (mkono mkubwa unaoanzia kwenye mwili wa mtambo) ya mita 5.7, mkono unaoshika ndoo wa mita 2.9. Nikachukua cha pili.

Sisemi kuna aliyedanganya. Kila namba waliyoandika ni ya kweli kwa kanuni yake. Tatizo ni kwamba kanuni zenyewe hazikuandikwa, na bila hizo namba mbili haziwezi kuwekwa kwenye mzani mmoja.

Nianze na injini, maana ndiyo inayotajwa kwanza na ndiyo nyepesi kueleweka. Komatsu wanaandika kilowati 116 za nguvu ghafi kwa kanuni ya SAE J1995 (SAE ni viwango vya Marekani), na kilowati 110 za nguvu halisi kwa ISO 9249 (ISO ni viwango vya kimataifa) na SAE J1349, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Nguvu ghafi ni ya injini iliyopimwa bila kubeba vifaa vyake kama feni. Nguvu halisi ni ile inayobaki vifaa hivyo vikishachukua chao. Juu ya hapo kuna vizio viwili vinavyofanana majina: HP ya Uingereza na Marekani ni wati 745.7, na PS inayoandikwa Japani na Ujerumani ni wati 735.5. Geuza kilowati 116 kuwa PS, unapata 158. Geuza kilowati 110 kuwa HP, unapata 148. Yadi ya kwanza ilichukua ghafi ikaiandika kwa PS, ya pili ikachukua halisi ikaiandika kwa HP, na pengo la 10 likazaliwa bila injini kubadilika hata bolti moja. Mimi siku hizi nauliza kilowati halisi kwa ISO 9249 na sipokei nyingine.

Sasa ndoo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndoo ndiyo inayoamua trip ngapi za tipa na saa ngapi za kukodi.

Vijiko vingi vilivyotumika vinavyoshuka bandarini Dar es Salaam vinatoka Japani. Huko mtambo wa daraja la tani 20 umezoeleka kuitwa wa "pointi saba", kwa kipimo cha zamani cha viwango vyao vya JIS. Kanuni mpya inaipa ndoo ileile kuba (mita za ujazo) 0.8. Kwa hiyo opereta mzee anayesema pointi saba na karatasi inayosema 0.8 wanaweza kuwa wanazungumzia chuma kimoja, na ndivyo ilivyokuwa kwa zile yadi mbili.

Ulaya nako kuna tofauti ya namna hiyo, na hesabu yake ni rahisi kuifuata. Ndoo hupimwa ikiwa imejaa na kilima juu, na kilima hicho kina mwinuko uliokubaliwa. ISO 7451 na SAE J296, kwa ndoo ya kijiko, wanasema mwinuko wa moja kwa moja: ukiingia ndani sentimita 10 kutoka ukingoni, kilima kimepanda sentimita 10. Kanuni ya CECE ya Ulaya inasema mbili kwa moja: ukiingia sentimita 20 kimepanda 10 tu. Chukua ndoo yenye mdomo wa mita moja kwa mita moja, ambayo ikisawazishwa juu kabisa inabeba kuba 0.62. Kilima cha kanuni ya kwanza kinafika kimo cha sentimita 50 na kuongeza kuba 0.17, cha CECE kinafika sentimita 25 na kuongeza kuba 0.08. Ndoo moja, kwa ISO ni 0.79, kwa CECE ni 0.70. Na ukipima shavuli la magurudumu, yaani mtambo wa kupakia wenye ndoo mbele, ISO 7546 na SAE J742 wanarudi kwenye mbili kwa moja, kwa hiyo hata ndani ya ISO yenyewe kuba ya kijiko na kuba ya shavuli hazijapimwa kwa kilima kimoja. Anayelinganisha kijiko cha 0.8 na shavuli dogo la 0.8 kwa kazi ya kupakia kokoto alijue hilo.

Udongo nao una kauli yake. Dakawa, mfinyanzi ukiwa na unyevu wa kutosha, Mzee wetu wa kwenye usukani alikuwa akiikunja ndoo na kilima kinasimama juu ya meno bila kumwagika, hata zaidi ya mwinuko wa ISO. Mvua ilipozidi, udongo uleule ukaanza kunata. Ndoo inamwagwa, robo inabaki imeganda kwenye kona za nyuma, inarudi shimoni ikiwa tayari imebeba mzigo wa jana. Utingo alikuwa anaingia na sepetu kila tipa ikiondoka, anakwangua kona zote mbili, na Mzee anasubiri injini ikinguruma taratibu. Karatasi ya vipimo haina mstari wa hilo. Wataalamu wa mitambo wanatumia kizidisho cha ujazaji: udongo tifutifu wenye unyevu hujaza asilimia 100 hadi 110 ya kuba iliyoandikwa, mwamba uliolipuliwa vizuri 60 hadi 75, mwamba uliolipuliwa vibaya 40 hadi 50. Mfinyanzi unaonata mimi nauhesabia 80 na sijutii.

Halafu kuna kuba ya ardhini na kuba ya kwenye tipa. Mfereji unalipwa kwa udongo ulivyokuwa umelala kabla ya kuchimbwa. Tipa inabeba udongo uliovurugwa, ambao umevimba. Mfinyanzi huvimba kama asilimia 30. Mfereji wenye kitako cha mita 1.5, kina cha mita 1.2 na kingo zenye mteremko wa moja kwa moja (1:1) una eneo la mita mraba 3.24, yaani mita 100 zake ni kuba 324 za ardhini. Kwenye tipa hizo zinakuwa kuba 421. Kwa tipa ya kuba 10 ulidhani trip 32, zinakuwa 42. Nimeona mkandarasi, kaka ninayemheshimu sana kwa kazi yake, akilipa trip hizo 10 kutoka mfukoni kwenye kila mita 100, kwa sababu aliyemwandalia bei alichanganya kuba mbili hizi.

Kosa hilohilo limejificha kwenye ahadi za uzalishaji. Mtu anakwambia PC200 inatoa kuba 144 kwa saa. Hesabu yake ni hii: ndoo 0.8, mzunguko mmoja sekunde 20, mizunguko 180 kwa saa. Sawa, lakini hizo ni kuba zilizovimba, za ndoo iliyojaa kila mara, na za opereta asiyefuta hata jasho. Gawa kwa 1.3 upate kuba za ardhini, unabaki na 110 na ushee. Mpe opereta dakika 50 za kazi ndani ya saa, unafika 92. Weka mfinyanzi unaonata kwa asilimia 80, unafika 74. Hiyo 74 ndiyo niliyopangia kazi ya Dakawa, na mfereji ulikwenda na ratiba.

Nguvu ya kuchimba ndiyo iliyonifurahisha kwenye karatasi ya Komatsu, kwa sababu wanaweka kanuni mbili kwenye mistari miwili bila kuficha. Kwa ISO 6015 nguvu ya ndoo ni kilonyutoni 149, sawa na tani 15.2. Kwa SAE J1179 ni kilonyutoni 132, tani 13.5. Mkono kuvuta: 108 kwa ISO, 103 kwa SAE. Hizo zote ni opereta akiwa amebonyeza kitufe cha nguvu ya ziada, ambacho huongeza asilimia 7 kwa sekunde 8.5 halafu kinaachia. Kwa hiyo mtu akikuletea kijiko cha kampuni nyingine na kusema kinazidi Komatsu kwa tani moja na nusu, muulize kwanza ISO au SAE, kisha muulize na kitufe au bila kitufe. Nusu ya ubishi wa kijiweni kuhusu kijiko kipi kina nguvu ungekwisha hapo.

Kina cha kuchimba kinaandikwa mita 6.62. Namba hiyo ni sahihi, na ni ya ncha ya meno kwenye sehemu moja ya chini kabisa ya duara linalochorwa na bumu. Ukitaka kitako kilichonyooka kwa urefu wa futi 8, karatasi ileile inakupa mita 6.37. Ukitaka ukuta uliosimama wima, mfano shimo la tangi la maji, unapata mita 5.98. Tangazo lolote nililowahi kutumiwa linabeba 6.62 peke yake. Mwenye shimo la mita 6.2 lenye kuta wima atajikuta anawalipa vibarua wamalizie kwa sururu, mtambo umesimama juu unahesabu saa.

Uzito. Ile 200 kwenye jina inakupa daraja: PC200 ni kama tani 20, PC300 kama tani 30, na majirani zake ni Hitachi ZX200, CAT 320, Volvo EC210 na Hyundai R210. Uzito wa kazi kwa ISO 6016 ni mtambo ukiwa na ndoo tupu, tangi la mafuta limejaa, maji na oili zote mahali pake, na opereta wa kilo 75 amekaa kitini. Uzito wa kusafirisha ni mwingine: hakuna opereta, na tangi lina asilimia 10 tu. Tangi la PC200-8 ni lita 400, kwa hiyo tofauti ya mafuta na mtu inakaribia kilo 380. Si nyingi, lakini mwenye lobedi (trela la kubebea mitambo) aliyebana mahesabu yake mpaka mwisho atakushukuru ukimpa namba sahihi kabla hajafika mzani wa Vigwaza au wa Mikese. Kilicho kikubwa zaidi kwake ni upana: PC200-8 yenye mabamba ya cheni ya milimita 600 ina upana wa mita 2.8, na ndugu yake PC200LC-8, wa cheni ndefu, akivaa mabamba ya 700 anafika mita 3.08. Herufi hizo mbili, LC, muulize mwenye mtambo siku ileile unayouliza bei.

Kwenye mbuga, tambarare za mfinyanzi, mabamba hayo yana maana kuliko injini. Uzito wa tani 20 ukitawanyika kwenye cheni mbili za milimita 600, ardhi inabeba chini ya nusu kilo kwa kila sentimita mraba, ambayo haipishani sana na mtu mzima aliyesimama kwa mguu mmoja. Ndiyo maana kijiko kinapita mahali ambapo tipa imezama mpaka ekseli. Mabamba ya 700 au 800 yanashusha mgandamizo huo zaidi, na kwa Dakawa masika ningelipia tofauti bila kuomba punguzo. Kwenye mawe ningerudi kwenye 600, maana bamba pana linapinda likikanyaga jiwe kwa ncha.

Kuinua. Kijiko si kreni, lakini kila saiti ya barabara inakitumia kushusha makalvati, kwa hiyo jedwali la kuinua lisomwe. Kwa ISO 10567 namba unayoiona haizidi asilimia 75 ya mzigo ambao ungeupindua mtambo, wala asilimia 87 ya uwezo wa haidroliki, ipi iliyo ndogo. Yenye nyota pembeni imezuiwa na haidroliki. Isiyo na nyota imezuiwa na kupinduka. Ile ya kupinduka ndiyo ya kuogopa, kwa sababu haidroliki ikishindwa mzigo hauinuki tu, lakini mtambo ukianza kupinduka hakuna wa kuuzuia. Kumbuka pia jedwali limeandikwa kwa ardhi ngumu iliyo sawa. Kalvati la zege lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 90 na ukuta wa sentimita 10 lina kama kilo 750 kwa kila mita, na PC200-8 inalibeba karibu na cheni bila wasiwasi. Lipeleke mita 7 mbali, bumu ikiwa imegeukia ubavuni, kwenye kingo ya mfereji uliolowa, na mimi nitawaondoa watu wote chini kwanza. Tunafanya hivyo kila mara, na Mzee hainui mpaka amemwona utingo wake kwa macho.

Mitambo mingine niipitie haraka kwa sababu mnaniuliza. Shavuli la magurudumu lina mzigo wa kazi kwa ISO 14397, nusu ya mzigo wa kupindua likiwa limekata kona mpaka mwisho. Akikupa mzigo wa kupindua likiwa limenyooka, hiyo ni namba kubwa zaidi na haifai kupangia kazi. Ujazo wa bleidi iliyonyooka ya buldoza unakadiriwa kwa SAE J1265: upana mara kimo mara kimo tena, kisha mara 0.8. Unaweza kuipima mwenyewe kwa futi kamba ukiwa yadini. Tipa za ekseli tatu barabarani kikomo chake ni tani 26 pamoja na gari lenyewe kwa sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, kwa hiyo usijaze kuba kwa macho. Mfinyanzi uliolowa unafikisha tani kabla bodi haijajaa.

Dizeli haina kanuni inayokusaidia kwenye tangazo. Nilipima kwa njia ya saiti: tangi lijae asubuhi, lijazwe tena jioni, gawa kwa saa za kwenye mita. Kwa hali ya E, ambayo ni ya kubana mafuta, tulikaa kwenye lita 12 hadi 13 kwa saa. Kwa hali ya P, ya nguvu, ilipanda 15 na zaidi. Mfinyanzi haukuhitaji P isipokuwa kule tulikokutana na tabaka gumu jeupe. Na mita ya saa inahesabu injini ikiwaka, iwe inachimba au inangoja tipa, hivyo ukikubaliana kulipia saa za mita, mpangilio wa tipa zako ndio bei yako.

Kama unakodi kwa ajili ya mwamba, panda daraja, chukua la tani 30. Kama ni mtaro mwembamba wa mabomba mjini, shuka. Kwa yaliyo katikati, PC200-8 yenye mkono wa mita 2.9 ndiyo ninayoiomba. Upo pia mkono mfupi wa mita 2.4 unaovuta kwa nguvu zaidi lakini unapunguza kina na ufikaji, na namba zote za kina nilizotaja hapa ni za mkono wa 2.9. Mwenye yadi akikutumia karatasi, aweke duara kwenye safu ya mkono uliofungwa kwenye mtambo wake, na kibati akipige picha kikiwa kimefutwa tope.